Kichupa cha Mawe ya Mama

Kwa miaka miwili nilijiuliza swali moja: ningempa mama kile kichupa siku ileile niliyokabidhiwa, angeteseka namna hii? Nilijiuliza nikiwa chali juu ya kitanda cha kamba katika nyumba ya mwalimu kule Kiegei. Kila nilipodhani nimelikaribia jibu, liligeuka kuwa swali jingine. Usingizi ulinikataa, na asubuhi niliingia darasani macho yakiwa mazito, nikawafundisha watoto kugawanya kwa saba.

Saba ndiyo hesabu ya mawe yaliyokuwa ndani ya kichupa. Yalitolewa tumboni mwa mama yangu katika hospitali ya Nachingwea. Nilikizungushia kichupa kitambaa, nikakitia ndani ya soksi, na soksi nikaificha chini kabisa ya sanduku langu la bati, chini ya cheti cha ualimu. Mama hakujua kwamba kipo.

Nyumbani kwetu ni Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Baba alifariki nikiwa sijaanza kutembea vizuri. Mama aliishi ua mmoja na dada yake, ambaye ni mama yangu mkubwa, na juu yao wote alikuwepo mjomba, kaka yao. Kwetu ukoo hufuata tumbo la mama. Mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake, na mwanamke, hata awe na wajukuu, kaka yake ndiye anayemsemea.

Maumivu ya kwanza yalimshika mama akiwa anatwanga. Aliuacha mchi ndani ya kinu, akachuchumaa, mkono wa kulia chini ya mbavu, kama anayezuia kitu kisianguke. Yalipanda hadi begani, akatapika maji ya kijani. Alikunywa mizizi, akanywa kombe la aya zilizooshwa kwenye sahani, akafungwa majani ya moto. Maumivu yalikuja na kuondoka yalivyotaka. Niliporudi kutoka chuo cha ualimu, nimemaliza, viatu vyangu bado vipya, nikakuta macho yake yamekuwa manjano kama ganda la embe bivu.

Nikasema tumpeleke Nachingwea. Siku zile mradi wa karanga ulikuwa umepamba moto. Mashine zilinguruma kutwa zikiing'oa misitu, na watu walisema kule Wazungu wana daktari anayeweza kumfungua mtu na kumfunga.

"Mtu hafunguliwi kama gunia la ufuta," alisema mjomba.

"Gunia likifunguliwa hushonwa, mjomba."

"Hushonwa. Lakini kila linapofunguliwa hupungua. Hilo hawakukufundisha huko chuoni?"

Watu barazani walicheka. Mimi mtu akinicheka hunichukua wiki nzima kumjibu, na jibu likipatikana huwa natembea nalo peke yangu. Aliyenitetea ni mama mkubwa. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua hata uso.

"Aende," alisema. "Mizizi imeshindwa, kombe limeshindwa. Tunangoja nini, kaniki ya kumfunikia?"

Basi tukaenda, mimi, mama na mama mkubwa, juu ya lori lililobeba ufuta. Mama mkubwa alichukua chungu chake na mwiko wake, kwa kuwa mgonjwa hospitalini hupikiwa na wa kwao.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, kucha zake nyeupe hata nikaona haya kuzitazama zangu. Alimbonyeza mama, akamtazama macho, akampiga picha ya tumbo, kisha akanieleza kwa Kiingereza polepole ili nimweleze mama kwa Kimwera. Alisema mambo matatu. La kwanza, kifuko cha nyongo kimejaa mawe, na kisipotolewa anaweza kufa. La pili, watamlaza usingizi, hatasikia kisu. La tatu alilisema akinitazama machoni: wako wagonjwa ambao baada ya kupona maumivu huwarudia, na mara nyingine yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Nilitafsiri la kwanza, isipokuwa neno mawe niliacha, nikasema kifuko kimeharibika. Nikatafsiri la pili. La tatu nilikaa nalo mdomoni. Nilijua nikilisema mama atashuka kitandani, atavaa kandambili zake, na tutarudi na lori lilelile kumngoja afe. Nikalimeza.

Mama mkubwa alikuwa amekaa pembeni, macho yake kwenye mdomo wa daktari.

"Mbona yeye amesema mengi na wewe umesema machache?"

"Kizungu kina maneno mengi, mama mkubwa."

"Hee," alisema. "Basi ni lugha ya watu wenye nafasi."

Wakampaka mama wino kwenye kidole gumba, akaibonyeza karatasi. Mimi nikatia saini chini yake, mahali ambapo kwa haki alipaswa kusimama mjomba.

Siku ya pili baada ya kupasuliwa, dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, aliniita kwenye dirisha la nyuma. Alikuwa mtu wa mbali, mcheshi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akanipa kichupa cha penisilini chenye kifuniko cha mpira. Ndani, juu ya pamba, mlikuwa na mawe saba, rangi ya kahawia iliyochanganyika na njano, yenye pembepembe kama yamekaa yakibanana.

"Mpe mama yako, mwalimu. Daktari amesema apewe. Wagonjwa hupenda kuyaona."

"Mawe kweli haya?"

"Si mawe. Ni mafuta na nyongo vilivyoganda. Ukitia motoni linawaka kama mshumaa. Mimi nimejaribu." Akacheka. "Usimwambie daktari."

Nikasimama pale na kichupa kiganjani, jua la utosi. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja wodini. Mimi nilianza kufikiri.

Kwetu mganga akimtoa mtu kitu mwilini, hukiweka juu ya ungo watu wote wakione. Kikishaonekana, hakuna anayeuliza ni kitu gani. Watu huuliza swali moja tu: nani amekiweka? Tena jibu halitafutwi mbali. Wazee husema mtu baki hawezi kukuingia. Anayekuingia ni wa tumbo lenu, mnayekula naye sufuria moja. Mama alikuwa na dada mmoja tu. Dada huyo alikuwa mjane, watoto wake watatu wote walikuwa makaburini, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kabla ya siku hiyo nilishawahi kuwasikia wanawake kisimani wakinyamaza anapokaribia. Mawe saba yakifika Mbwemkuru, niliwaza, mama mkubwa hatamaliza mwezi.

Mwanamke huyo ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa akilima. Nikakitia kichupa mfukoni.

Huko ni kujisemea mema. Kila nikilirudia jambo hili huona kipande kingine ambacho sikipendi. Dresa alikuwa akinitazama, mwenye kalamu zake mbili, nami niliona aibu kumweleza kwamba kwetu kitu kama hiki kinaweza kumfukuzisha mtu. Ningemwomba ushauri, angenipa. Lakini nilitaka anione msomi mwenzake.

Mama alipopata nguvu za kusema, aliniuliza wametoa nini.

"Kifuko kilichoharibika."

"Kiko wapi?"

"Wamekitupa."

Alitazama dari kitambo. "Nani alikiona?"

"Daktari."

"Na wewe?"

"Sikukiona, mama."

Aligeukia ukutani. Mama mkubwa alikuwa akimpoozea uji, akiumimina kutoka bakuli hili hadi lile.

Alipona. Macho yalirudi kuwa meupe, akanenepa kidogo, akarudi shambani. Mjomba alinyamaza miezi mitatu, na kwa mjomba hiyo ilikuwa ni kuomba radhi. Mimi nikapangiwa kufundisha Kiegei, nikanunua baiskeli, nikaanza kulala usingizi wa kawaida.

Kisha maumivu yakarudi. Ulikuwa wakati wa kuvuna ufuta. Nilikuja likizo nikamkuta amechuchumaa kando ya mafungu yaliyosimamishwa yakauke, mkono palepale, chini ya mbavu za kulia, na jasho likimtoka kama aliyemwagiwa maji. Aliniona. Ilichukua muda wa mtu kwenda kisimani na kurudi mpaka umivu lilipopita.

"Limerudi, mwanangu," alisema. "Lilelile. Nalijua kama ninavyojua sauti yako."

Nilimrudisha Nachingwea mara mbili. Mara ya kwanza daktari alikuwa yuleyule. Alimpima kwa uangalifu, akampiga picha, akasema haoni kitu. Aache mafuta, alisema, aache ufuta na karanga. Akanitazama kama mtu anayekumbuka jambo, nami nikatazama viatu vyangu. Mara ya pili yeye hakuwepo. Mradi ulikuwa umekufa. Mashine zilizokuwa zinang'oa misitu zilikaa zimezama kwenye magugu, kuku wakitaga chini yake. Daktari mwingine alilipapasa kovu, akasema limepona vizuri sana.

Nilimtafsiria mama. Akajifunika tumbo.

"Mwambie kovu haliniumi. Linaloniuma liko nyuma ya kovu."

Nikamwambia. Akasikitika, na nadhani alisikitika kweli, akatupa vidonge vyeupe. Vilisaidia siku nyingine na siku nyingine havikusaidia.

Nilinunua daftari, nikalichora mistari. Nilimwomba mama mkubwa akumbuke kila siku mgonjwa amekula nini na limemshika saa ngapi, nami nikija likizo nayaandika. Niliamini nikiyapanga vizuri yatasema. Hayakusema. Alishikwa baada ya mbaazi zilizoungwa kwa ufuta, ndiyo. Lakini alishikwa pia baada ya ugali na mchicha wa maji ya chumvi. Alishikwa akiwa amekasirika, akashikwa akiwa anacheka. Kulikuwa na mwezi mzima asishikwe hata mara moja, na siku niliyotaka kumpongeza akashikwa.

"Unaandika nini humo, mwalimu?" mjomba aliniuliza. Siku hizi hakuniita jina jingine. "Unaandika uongo wa wale waliomfungua dada yangu wakamfunga bila kutoa kitu?"

"Walitoa, mjomba."

"Uliona?"

Kichupa kilikuwa Kiegei, ndani ya soksi. "Walitoa," nilirudia.

"Mganga wa porini, hajui hata kusoma, akitoa kitu anakuonyesha. Mzungu ana madirisha ya vioo na haonyeshi. Nani mwizi hapo?"

Mama alikuwa anasikia. Nilitegemea anikinge, kama zamani. Aliendelea kuchambua kisamvu. Hapo nikatambua kwamba naye alikuwa anauliza swali hilohilo, kimya, tangu pale kitandani alipotazama dari. Aliamini alipasuliwa bure. Aliamini kitu chake bado kimo ndani, na mwanawe aliyesomeshwa alisimama kando akitafsiri.

Wakati huo ningesema. Lakini mama mkubwa alitoka jikoni na kuni mkononi, macho mekundu, akacheka na kuniambia nimekonda kama mti wa mhogo ulioliwa na panya, na maneno yangu yakarudi chini.

Miezi michache baadaye barua ilinifikia Kiegei. Mjomba hakwenda shule ya serikali, ila aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ilinibidi niisome mstari kwa mstari kwa kidole. Aliandika kwamba mganga amekuja, amemuumika mgonjwa tumboni kwa chuku, ile pembe ya kunyonyea, na kitu kimetoka. Watu wamekiona. Mwenyewe amejulikana, na nyumba yake ni jirani na ya mgonjwa. Ijumaa baada ya swala atatakiwa ahame. Njoo, aliandika, maana yeye ndiye aliyekutetea mbele yetu.

Niliisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Nilikuwa nimeficha mawe miaka miwili ili mama mkubwa asitajwe, naye ametajwa. Ningeyaonyesha, mama asingehitaji mganga wa kumtoa kitu, maana kitu angekuwa amekiona. Au ningeyaonyesha, na mama mkubwa angetajwa miaka miwili mapema. Au asingetajwa. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikafungua sanduku, nikatia soksi kwenye mfuko wa baiskeli.

Njiani nilishuka mara nyingi kuliko milima ilivyonilazimisha. Siku ya pili nilifika mtoni. Mto ulikuwa umekauka, mchanga na changarawe tu, na wanawake walikuwa wakichota maji kwa vibuyu kwenye shimo walilochimba katikati yake. Nilitoa kichupa. Mkono wangu ulikuwa tayari kukirusha kwenye matete. Kikipotea, niliwaza, nitabaki na uongo mmoja tu, na uongo mmoja mtu anaweza kuzeeka nao. Mwanamke mmoja alinyoosha mgongo akanitazama, akaniuliza kama nimepotea. Nikasema sijapotea. Nikakirudisha mfukoni, si kwa ushujaa. Niliona tu aibu kutupa kitu mbele yake.

Nilikuta watu wamejaa barazani kwa mjomba. Mama alikuwa juu ya mkeka, amekondeana, kitambaa kimefungwa tumboni palipochanjwa. Mama mkubwa alikuwa amekaa nje ya mkeka, juu ya udongo mtupu, miguu ameinyoosha kama mtu aliyeambiwa angoje mzigo wake. Mama alikuwa amempa mgongo. Wanawake hawa wawili walikuwa wamekula sufuria moja tangu utoto.

Mganga alikuwa mtu mpole, aliyesema bila kupandisha sauti. Alivaa ovaroli ya bluu, kwani zamani alikuwa msaidizi wa dereva wa trekta kule kwenye karanga. Mbele yake kulikuwa na chetezo chenye makaa na udi, na ungo. Juu ya ungo palikuwa na jiwe moja dogo, jeupe, laini, la duara. Nilikuwa nimeyakanyaga mengi kama lile asubuhi hiyo mtoni.

Mjomba alisema maneno mengi. Kwamba dada yake mdogo ameliwa miaka minne. Kwamba alipelekwa kwa Wazungu bila yeye kuridhia, na huko nako ni nani aliyekwenda na chungu chake akimpikia? Watu wakaguna. Mama mkubwa alijibu mara moja tu.

"Ningekuwa namla, kaka, ningempikia na kumpoozea uji miezi yote ile? Si ningemla mbichi?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Mganga akanigeukia. Alisema kwa adabu, bila kejeli, na ndiyo maana lilinichoma. "Mwalimu, mimi nimetoa hiki, watu wamekaa hivi wanaona. Hospitali walikuonyesha nini?"

Mama aligeuza uso. Ilikuwa mara ya kwanza anitazame tangu nifike.

Nilikwenda kwenye baiskeli. Nakumbuka jinsi soksi ilivyokataa kufunguka, kwa kuwa nilikuwa nimeikaza fundo mimi mwenyewe. Nikarudi, nikachuchumaa mbele ya ungo, nikang'oa mpira kwa meno na kuyamimina mawe kando ya lile jeupe.

"Hiki," nilisema. "Walinionyesha hiki. Walinipa nimpe mama. Nilikificha."

Watu waliuinamia ungo. Kisha mjomba akahesabu kwa kidole, na sauti yake ikapanda kwa kila moja.

"Saba! Saba, jamani! Na la nane ni hili! Mwanamke huyu amemtupia ndugu yake mawe manane!"

Basi nilichokiogopa dirishani kwa dresa kilitokea, kwa neno na kwa mpangilio uleule, sikukosea hata kidogo. Watu walisimama. Mama mkubwa hakusimama. Alikuwa akinitazama mimi, si wao.

Nikachukua jiwe moja kati ya yale saba, nikaliweka juu ya makaa ya chetezo. Sikuwahi kulijaribu, nilikuwa na neno la dresa tu, mtu mcheshi. Kwa muda halikufanya kitu. Kisha likatoka jasho, likalegea pembe zake, likayeyuka, na mwali mdogo wa njano ukasimama juu yake ukitoa moshi mweusi. Harufu ya mafuta yaliyoungua ilienea ikaushinda udi.

"Mafuta," nilisema. "Ni mafuta na nyongo vimeganda tumboni kama samli inavyoganda kwenye chungu. Hakuna mkono ulioyaweka. Sasa tieni lile jingine."

Hakuna aliyeligusa, nikalitia mwenyewe. Jiwe jeupe lilikaa juu ya makaa. Lilipata masizi upande mmoja, basi.

Mganga alilitazama, akatikisa kichwa polepole. "Uchawi una namna nyingi, mwalimu," alisema. Baadhi ya watu waliitikia. Wengine walianza kuvaa viatu, hawakutaka kuonekana wamekaa upande wowote. Mjomba alinijia karibu mpaka nikahisi pumzi yake.

"Miaka miwili umeweka tumbo la dada yangu kwenye sanduku lako," alisema. "Na leo unatufundisha."

Niliweka chini kichupa kitupu.

Mama ndiye aliyesema. "Nilikuuliza kama uliona. Ulisema hukuona."

"Nilisema hivyo, mama."

"Sasa yametoka. Yametoka yote?"

"Dresa alisema yote."

"Mbona linaniuma?"

Watu wote walikuwa wakingoja. Nilikuwa msomi wao. Mikono yangu ilikuwa na masizi. Ningeweza kusema ni ufuta, ni kovu la ndani, ni hasira. Nilikuwa na maelezo mengi, yote nimeyapanga kwenye daftari.

"Sijui," nilisema. "Wala daktari hakujua. Alisema kabla hajakupasua kwamba wengine maumivu huwarudia na yeye hajui kwa nini. Aliniambia nikwambie. Sikukwambia."

"Ningekataa."

"Najua."

"Ningekufa."

"Labda."

"Labda," alirudia. Alivuta ungo, akayaokota mawe sita yaliyobaki, moja moja, akayageuza vidoleni mwake kama anayechagua mbegu. Akayafunga kwenye pindo la kaniki. "Haya ni yangu," alisema. Kisha, bila kumtazama, akamwambia dada yake, "Sogea mkekani."

Mama mkubwa aliinuka, akajipangusa udongo.

"Hapa chini nimeshakaa wiki nzima," alisema. "Siku ile mlipoliona jiwe moja, mdogo wangu, hukuniambia sogea." Akanigeukia. Sikuona shukrani usoni mwake. "Na wewe. Ulijua. Ungesema kabla sijaitwa mchawi na wa tumbo langu." Akajifunga kaniki vizuri. "Baiskeli yako inabeba mkeka?"

Mama alinyanyua kichwa. "Nani atanipikia nikishikwa?"

Swali lilikuwa langu, nilijua. Kwa kawaida ningeomba siku mbili za kulifikiri. Ningemwambia mama mkubwa angoje hadi likizo, mambo yapoe; ningemwambia mama kwamba nitaandika barua; ningerudi Kiegei kupima uzito wa huyu na wa yule mpaka mmoja wao afe. Mjomba alikuwepo kumtunza mama, na kwa desturi ni wajibu wake. Mama mkubwa, usiku ukiingia katika ua ule, hakuwa na mtu.

"Mjomba ataleta mtu," nilisema. "Na mimi nitakuja kila likizo. Mama mkubwa anakwenda na mimi leo."

Tulikwenda kwenye nyumba yake. Hakuwa na vitu: mkeka, chungu, mwiko, ungo, shuka. Niliviweka nyuma ya baiskeli na kuanza kuvifunga kwa kamba ya mkonge. Mama alikuwa ametufuata hadi katikati ya ua. Alisimama, kisha nikaona mkono wake wa kulia ukienda chini ya mbavu, na polepole akachuchumaa.

Mama mkubwa alimwona. Aliuweka chini mwiko aliokuwa ameushika, akaenda akachuchumaa kando yake, akamshika mgongo. Walikaa hivyo mpaka lilipopita. Kisha akarudi, akauokota mwiko, akaufuta.

Nikaikaza kamba. Tukaondoka.